Klabu ya Maigizo ya Kiingereza: Bibi Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Mbukwenyi, wasomaji. Toleo lililopita niligusia, kwa mistari minne tu, klabu yangu ya maigizo: watoto 28 wanaokutana chini ya mkwaju baada ya masomo, Jumanne na Alhamisi, hapa Dodoma mjini. Mistari hiyo minne imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyoandika mwaka mzima kuhusu nidhamu na daftari za mazoezi. Kwa anayenisoma mara ya kwanza, nilifundisha shule za msingi miaka 31, Mpwapwa, Kondoa na hapa mjini. Nimestaafu, magoti yananisumbua, watoto wananiita Bibi. Kiingereza changu nilikiokota kwenye redio na kwenye kamusi ambayo siku hizi haina jalada. Tuanze.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza darasa la nne na la tano, wilaya ya Kongwa. Nilitangaza klabu ya maigizo paredi ya Ijumaa, Jumatatu wakaja watoto 74. Sina kitabu cha maigizo, sina fedha, na nikisema kweli hata Kiingereza changu mwenyewe kinanitoa jasho. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa Kongwa*

Marahaba mwanangu, na pole kwa neema hiyo ya watoto 74.

Usiwachuje. Mwaka wangu wa kwanza nilichuja. Niliwapanga mstari, kila mmoja akasema kwa Kiingereza jina lake na anachokipenda, nikachukua waliosema vizuri. Nikabaki na watoto 20 wasio na shida ya Kiingereza, wenye shida nimewarudisha nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe. Mwezi wa pili ndipo nilipojiona mjinga. Wewe wagawe kwa siku, nusu waje Jumanne na nusu Alhamisi, kisha subiri. Wapo watakaoitwa kuchota maji, wapo wa kuchunga, na wapo waliokuja wakidhani kuna uji. Hilo la uji sisemi kwa mzaha. Mtoto aliyekunywa kikombe kimoja saa nne asubuhi hana sauti saa tisa alasiri, na kama mwalimu mkuu wako anasikia, mwombe abakize sufuria moja.

Unasema huna kitabu, nawe unakaa Kongwa! Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo kulima karanga, maana kwao baada ya vita vya pili mafuta ya kupikia yalikuwa yakigawiwa kwa kipimo. Walikuja na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakaanza kung'oa mibuyu. Mibuyu ikagoma. Ndani ya mashina yenye mapango mlikuwa na nyuki, nyuki wakatoka. Mvua ikanyesha kidogo kuliko walivyoipigia hesabu, na jua lilipoupiga ule udongo wa mfinyanzi ukakauka kama sakafu ya saruji, karanga ziko chini yake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yameteketea. Mibuyu mingine bado mnaegemea hapo mkisubiri basi.

Sikutajii karanga kwa ajili ya historia peke yake. Nakutajia kwa sababu katika kisa hicho Kiingereza kina kazi. Maigizo mengi ya Kiingereza ninayoalikwa kuyatazama mashuleni yana baba, mama na mtoto, Wagogo watupu, wamekaa uani kwao wanasemezana Kiingereza. Kwa nini? Hakuna anayejua. Baba mwenyewe hajui, ndiyo maana anaongea kama anayesoma tangazo la mnada. Kongwa ya 1947 ina bwana shamba Mwingereza asiyejua neno la Kiswahili, ina wazee wasiojua neno la Kiingereza, na katikati yao amesimama mkalimani. Kila mmoja anasema lugha yake kwa sababu hana nyingine. Mtoto haulizi tena kwa nini anaongea Kiingereza. Anaongea kwa kuwa yeye ni bwana shamba.

Nafasi ya mkalimani mpe mtoto mtundu, si lazima awe yule mwenye Kiingereza kizuri. Bwana shamba anasema, "Ask him if the rain is good here." Mkalimani anamgeukia mzee: "Anauliza kama una mbuzi wa kumchinjia mgeni." Mzee anafoka, "Mbuzi? Mvua yenyewe mwaka jana haikuonekana!" Mkalimani anageuka, anatabasamu: "He says yes, sir. Very good rain." Tulipoicheza hii, watoto waliokaa chini walicheka, isipokuwa ambao hawakuelewa. Hao wakaanza kuwapiga wenzao kiwiko: kasemaje, kasemaje? Mtoto wa Kitanzania anayemuuliza mwenzake maana ya sentensi ya Kiingereza bila kulazimishwa na mtu, mimi naona hiyo peke yake inalipa nauli yangu ya wiki.

Mradi wa karanga ukiwachosha, kijiji hichohicho katika miaka ya 1960 kilikuwa na kambi ya wapigania uhuru waliotoka Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na kwingineko. Watu wa lugha kumi wanakutana kisimani. Hebu fikiria.

Sentensi za Kiingereza ziwe fupi, na kila mtoto awe nazo tatu au nne, si ukurasa. "What is this?" "Pull it!" "It is not moving, sir." Mtoto mwenye sentensi nne atazitafuna mpaka ziwe zake. Mwenye ukurasa atakariri, na siku ya onyesho akisahau neno la tatu, maneno yote yaliyobaki yanakwenda nalo.

Kuhusu Kiingereza chako: usikifiche. Mimi nikikwama nasema mbele yao, "Let me check," nafungua kamusi. Sasa ni sentensi wanayoisema wenyewe wakikwama, tena kwa madaha kunizidi.

Na mchezo mmoja wa kufungulia kila kipindi, kisha nikuache. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, ndiyo maana tukaipokea *desk* ikawa deski na *bench* ikawa benchi. Mtoto anapoongea Kiingereza anaendelea kuongeza ile irabu: *booki, goodi, helpu*. Basi sisi tunacheza kufunga mlango. Wanasimama duara, mikono imeachana kama milango miwili. Neno likifika mwisho wanapiga kofi moja, mlango umefungwa, hakuna irabu inayopita. *Book*, pa! *Good*, pa! Anayepitisha irabu anazunguka mkwaju mara moja. Dakika 5, si zaidi, wasije wakageuza kofi kuwa ngoma. Wangu waliligeuza, likawa muheme kamili, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, wasichana wamekaa chini wanapiga madaftari mapajani. Kiingereza siku hiyo kiliishia hapo na sikujutia sana.

Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko darasa la tano shule ya kawaida hapa Nkuhungu na amejiunga na klabu kama yako. Nina mambo mawili. Anarudi saa kumi na moja wakati ndoo ziko tupu. Pili, sasa anaongea Kiingereza nyumbani bila aibu, lakini ni cha kuchekesha: baba yake anamwita *she*. Si heri angejifunza kwanza sarufi, darasa la saba linakuja?
*Mama wa watoto wawili, Nkuhungu*

Salama, mama. La ndoo una haki. Klabu yoyote isiyomwachia mtoto kufika nyumbani jua likiwa juu inawagombanisha watu bure. Sisi tunaanza saa tisa kamili, saa kumi na robo kila mtu anavaa begi. Mwambie mwalimu wake, tena mwambie uso kwa uso. Walimu wengi hawajui ni siku ipi maji yanatoka mtaani kwenu.

La pili, baba kuitwa *she*. Mama, huo si ujinga, ni Kiswahili kinafanya kazi yake. Sisi tukisema *anakuja*, anaweza kuwa baba, mama, shangazi au nesi. Ile *a-* haijali. *Yeye* naye hajali. Mwingereza hawezi kufungua mdomo kumsema mtu bila kwanza kuamua kama ni wa kiume au wa kike, na ubongo wa mtoto wetu haujawahi kuombwa kufanya uamuzi huo kwa haraka hiyo. Nimewasikia maprofesa wakiteleza hapo hapo.

Sarufi ya ubaoni haimalizi tatizo hili, kwa sababu ubaoni mtoto ana muda wa kufikiri. Sisi tuna kofia moja ya pama na khanga moja. Mtoto mmoja anatoka katikati akiwa amevaa kofia, anafanya jambo lolote, analima, anaanguka, anakula zabibu za wizi. Mwingine amesimama pembeni kama mtangazaji wa mpira, anatangaza: "He is digging. He is tired. He is eating!" Ghafla nabadilisha, kofia inatoka, khanga inaingia, mtangazaji lazima ageuze papo hapo: "She is running away!" Akikosea, mchezaji anaganda kama jiwe mpaka arekebishe. Wenzake ndio wanaopiga kelele kumsahihisha, mimi nimekaa kwenye kiti changu. Baada ya muhula mmoja hawajawa malaika, ila wanajisikia wanapokosea, na ukishajisikia umefika mbali.

Mtihani wa darasa la saba haumpi mtoto alama kwa kuongea, hilo ni kweli. Lakini Januari baada ya mtihani huohuo binti yako ataingia kidato cha kwanza, na Jiografia, Baiolojia na Hisabati aliyoisoma miaka yote kwa Kiswahili zitamgeukia kwa Kiingereza siku moja. Hapo anahitaji ujasiri wa kunyoosha mkono na kusema, hata vibaya. Mwache amwite baba yake *she* kwa sasa. Baba akikasirika, avae kofia.

Mwalimu, nafundisha shule ya mchepuo wa Kiingereza, Ilazo. Mahafali ya darasa la saba yanakuja na wazazi wanataka kuona Shakespeare. Watoto wetu wanaongea Kiingereza vizuri. Nichague igizo gani, na nilifanye lote?
*Mwalimu wa sanaa*

Wazazi hawataki kuona Shakespeare. Wazazi wanataka kuona ada ilikokwenda. Hayo ni mambo mawili tofauti na ukiyajua utalala vizuri.

Lote usilifanye. Jua la Dodoma, mahema ya kukodi, mgeni rasmi aliyechelewa saa moja na nusu, halafu saa tatu za Kiingereza cha miaka 400 iliyopita? Keki itayeyuka.

Ila una bahati ya kuwa katika nchi ambayo rais wake wa kwanza alikuwa akimtafsiri Shakespeare. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Chukua sehemu moja tu ya Kaizari, ile ya mazishi, ambapo Antonio anauhutubia umati na umati unageuka mbele ya macho yetu. Nakupendekezea hiyo kwa sababu ya umati. Mashujaa wana hotuba ndefu, umati una vikelele vifupi: mara unakubali, mara unakataa, mara unataka kuchoma nyumba za watu. Watoto 30 wote wana kazi, na hakuna anayesimama nyuma ameshika mkuki wa boksi. Mtoto wako mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote ahutubie kwa Kiingereza. Nusu ya umati ijibu kwa Kiingereza, nusu kwa Kiswahili cha Mwalimu. Dakika 8. Mgeni rasmi ataamka.

Na hao wanaoongea Kiingereza vizuri, wasikilize kwa makini mahali wanapoweka nguvu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno *vegetable* hata mtoto wa ada kubwa atakuambia *ve-ge-TA-bo*, akikaza ya tatu kati ya nne. Mwingereza anaanza na nguvu, kisha anameza zilizobaki, karibu silabi tatu tu. Mchezo wa kurusha mpira wa makaratasi unasaidia: mpira unaachiwa kwenye silabi yenye nguvu tu.

Shuleni kwetu kuna kibao. Mtoto akiongea Kiswahili anavishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Mwalimu mkuu anasema na klabu ya maigizo ifuate sheria hiyo. Wewe unasemaje?
*Mwalimu, Manyoni*

Nasema nilikitumia. Si shuleni kwako, ni mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilitoboa boksi la sabuni nikatia uzi. Kilifanya kazi moja tu, kiliwafundisha watoto kunyamaza. Klabu ikawa kimya kama zahanati usiku. Mtoto mmoja wa kike, mchekeshaji niliyemtegemea, alikivaa Jumanne mbili mfululizo, Jumanne ya tatu hakuja. Nilimfuata kwao Chang'ombe. Mama yake akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwanangu anasema huko kwako kucheka ni kosa." Nilirudi kwa miguu, sikupanda daladala.

Fikiria pia kazi yenyewe. Igizo linatengenezwa kwa kubishana. Nani aanguke wapi, nani ameiba nini, kwa nini mzee akasirike. Mtoto wa darasa la nne hawezi kubishana haya kwa Kiingereza, na ukimlazimisha atakubali kila kitu, na igizo litakuwa lako peke yako. Kwetu wanabishana kwa Kiswahili, wengine kwa Kigogo, na tukishakubaliana tunauliza: hii sasa bwana shamba atawaambiaje? Hapo kila mtu anatafuta Kiingereza kwa sababu anakihitaji.

Kuna mambo ambayo hayavuki hata ukitaka, na watoto wanayagundua wenyewe kwa miili yao. Mwigizaji wangu mmoja anaingia jukwaani amkute babu yake. Nilimwandikia aseme "Hello." Akasimama kama gogo. Nikamwuliza, una nini? "Bibi, siwezi kumwambia babu hello." Basi sasa anasema shikamoo kwanza, anapokea marahaba, ndipo Kiingereza kinaanza. Vivyo hivyo *pole*. Mwingereza akikuona umebeba ndoo kichwani hana neno la kukupa. Ukimwambia *sorry* atashangaa, kwani wewe ndiye uliyemtwisha? Tulitumia kipindi kizima kwenye neno hilo na sikuona umuhimu wa kufungua daftari.

Mwalimu mkuu mwambie hivi, kwa heshima: darasani ni kwako, chini ya mti niachie miezi mitatu, halafu uje usikilize.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nasoma sanaa za maonyesho, najitolea shule moja ya msingi. Nina mtoto wa kiume ambaye haongei. Anakuja kila siku, anakaa, hasemi hata Kiswahili. Nimejaribu kumpa nafasi kubwa ili apate ujasiri, akalia. Nifanye nini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba, mjukuu. Kwanza anakuja kila siku. Lishike hilo, usiliachie.

Nafasi kubwa ilikuwa kosa, lakini la moyo mzuri. Umesoma chuoni habari za Tuseme, ule mradi ulioanza 1996 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wasichana wa sekondari wakaigiza shida zao wenyewe wakazisema. Jina lenyewe linatutia haraka: tuseme, tuseme. Ila kuna mtoto ambaye kwanza anataka kusikia, tena asikie sana.

Nilikuwa na wa namna hiyo. Nitamwita Kimya, wenzake walimwita hivyo na yeye hakukataa. Nilimpa mbuzi, hakulia kama mbuzi. Nilimpa mti, ukawa mti mzuri. Nilimpa kopo lenye kokoto awe mvua, akanyesha kwa wakati barabara, na hapo nikaanza kumtazama vizuri. Mvua ilikuwa inakuja kabla sijaiashiria. Maana yake alikuwa anafuata maneno. Siku moja bwana shamba wangu akasahau mstari, na nyuma ya kopo nikasikia mnong'ono: "Where are my tractors?" Kwa usahihi, mlango umefungwa, *s* ya mwisho iko mahali pake.

Nikamwekea kigoda nyuma ya khanga iliyotundikwa, akawa mtu wa kukumbusha. Alijua mistari ya wote 28. Mnong'ono hauna wa kuucheka, kwa sababu hadhira haiusikii, na anayeusikia anauhitaji. Muhula wa pili watoto walikuwa wanamfuata kabla ya mazoezi: Kimya, mimi nasema nini pale? Anawaambia. Kwa Kiingereza.

Jukwaani hakupanda mwaka ule, wala uliofuata. Nakuambia hivi ili usije ukamsubiri wako kama watu wanavyosubiri mvua ya Desemba. Sasa yuko sekondari. Nilikutana naye soko la Sabasaba akiwa amebeba gunia la vitunguu la mama yake, akaniambia shikamoo Bibi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamwambia pole na mzigo.

Kwa hiyo wako mpe kitu cha kushika. Kopo, zeze kama mtu anajua kuchonga, kamba ya pazia. Kaa mbali naye kidogo. Sikiliza.

Maswali ya haraka

*Fedha za maleba nichangishe wazazi?* (Baba, Bahi) Hapana. Tangu 2016 elimumsingi haina ada, na mzazi akisikia neno mchango hata mtoto hamleti tena. Huhitaji fedha. Khanga mbili, kofia, boksi, makopo. Mzee apakwe majivu kichwani. Usithubutu kutumia unga wa mahindi. Nilimwona mwalimu mmoja akimpaka mtoto unga mwaka wa njaa, mama mmoja akainuka akaondoka, na wote tulijua kwa nini.

*Upepo unameza sauti zao.* (Mwalimu, Hombolo) Upepo wetu wa Julai na Agosti unatoka mashariki. Waigizaji wasimame upande huo, wasikilizaji wakae magharibi, sauti itapelekwa yenyewe. Jua la saa kumi litamwangaza mwigizaji usoni kama taa ya jukwaa. Atakunja macho, mzoeshe. Vumbi halina dawa, maji ya kusukutua tu.

*Mimi nina klabu Kondoa, sitaki karanga, nina nini?* (Mwalimu, Kondoa) Una michoro ya mapangoni ya Kolo, ambayo tangu 2006 ni urithi wa dunia, na wageni wanaokuja kuitazama. Mwongozaji, mgeni, na bibi kizee mwenye shamba njiani ambaye ana kisa chake tofauti kabisa kuhusu nani alichora. Mkalimani mtamtafuta tena.

*Bibi, mimi niko darasa la tano. Nikiwa jukwaani nacheka. Hata pahali pa kulia nacheka. Mwalimu amesema atanitoa. Nifanyeje?* (Mtoto, Kikuyu)

Mjukuu wangu, geuka uwape mgongo. Mabega ya anayecheka na mabega ya anayelia yanatikisika sawasawa, wasikilizaji watakuhurumia. Hesabu mpaka tano kwa Kiingereza, kimyakimya, ndipo ugeuke useme mstari wako. Ukigeuka kabla ya tano utawaona rafiki zako waliokaa mbele, na najua ndio wanaokuponza. Mwambie mwalimu wako Bibi amesema wahamishiwe nyuma.